Chanjo ya kimeta, ya chambavu au ya mchanganyiko: ipi inafaa kwa mifugo yako?

Kwenye friji la duka la dawa za mifugo, iwe Arusha mjini au Moshi, chanjo ya kimeta, ya chambavu (ugonjwa wa bakteria unaoozesha misuli) na ile ya mchanganyiko wa zote mbili hukaa rafu moja. Zote tatu hutengenezwa hapa nchini, kwenye kituo cha chanjo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kilichopo Kibaha, na zipo pia za kutoka nje. Mteja huuliza bei na idadi ya dozi, analipa, anaondoka. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: ndani ya chupa kuna bakteria hai au waliokufa? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama unaweza kuchanja na kutibu siku moja, kama ndama anahitaji sindano moja au mbili, na kama utakuwa umelipia kinga au maji tu. Nalo linatokana na namna kila bakteria anavyoua.

Kimeta: sumu ya protini tatu na ganda

Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, hubeba uwezo wake wa kuua kwenye plasmidi mbili, yaani vipande vya vinasaba vilivyo nje ya kromosomu. Moja, pXO1, ina maelekezo ya kutengeneza sumu. Nyingine, pXO2, ina maelekezo ya kutengeneza ganda.

Sumu yenyewe ni protini tatu, na hakuna inayodhuru ikiwa peke yake. Inayotangulia huitwa PA. Hujishika kwenye kipokezi juu ya seli ya mnyama, kisha kimeng'enya cha seli hiyohiyo, furini, huikata kipande. Sehemu zilizobaki huungana saba saba, wakati mwingine nane, na kufanya pete. Juu ya pete hutua protini mbili zilizosalia, LF na EF. Seli humeza mzigo wote ukiwa ndani ya kifuko. Kifuko kinapokuwa na asidi, pete hutoboa ukuta wake na LF na EF hupenya hadi ndani ya seli. LF hukata protini za kundi la MEK, ambazo seli huzitumia kupeleka taarifa za hatari. EF hutengeneza cAMP, kemikali ya ishara ndani ya seli, kupita kiasi: maji huvuja, mwili huvimba, na chembe nyeupe zilizojaa cAMP hushindwa kumeza vijidudu.

Mpangilio wa matukio ndio unaostahili kukumbukwa. Bakteria wakiwa bado wachache, sumu hushughulika na chembe za kinga. Wakishaongezeka na kujaa kwenye damu, ndipo mishipa na moyo huharibika. Ganda nalo hufanya kazi sambamba. Limejengwa kwa asidi ya glutamiki ya umbo la D, wakati protini za mnyama hutumia umbo la L, hivyo mfumo wa kinga huliona kwa shida na chembe nyeupe hushindwa kulikamata.

Mwaka 1954 watafiti Harry Smith na James Keppie wa Uingereza walionesha kwamba plazma ya wanyama waliokuwa wakifa kwa kimeta ilikuwa na sumu inayodhuru yenyewe, hata bakteria wakiwa hawamo. Ndiyo sababu ng'ombe anaweza kuchomwa penisilini, bakteria wote wakafa, na bado akaanguka jioni hiyo. Dawa huua bakteria. Haiondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye seli.

Chambavu: sumu inayoozesha msuli

Bakteria wa chambavu, Clostridium chauvoei, huishi pasipo oksijeni. Spora zake, yaani umbo gumu la bakteria aliyelala, humezwa pamoja na majani, hupita utumbo hadi kwenye damu, kisha hukaa kwenye misuli zikiwa zimelala. Zinaweza kulala hivyo muda mrefu bila madhara. Ndama akipigwa, akigongana na wenzake zizini au akibanwa kwenye lori, msuli ulioumia hukosa damu na oksijeni, na hapo spora huamka.

Sumu yake kuu, CctA, hutoboa utando wa seli: seli za msuli, chembe nyekundu, na chembe nyeupe zinazokuja kupambana. Vimeng'enya vingine huyeyusha vitu vinavyoshikilia seli pamoja, na bakteria husambaa katikati ya nyuzi za msuli huku wakitoa gesi. Eneo lililokufa halipati damu, kwa hiyo hata dawa haifiki. Anayeshambuliwa zaidi ni ndama wa miezi 6 hadi miaka 2, na mara nyingi yule aliyenona kuliko wote.

Tofauti hizi huonekana kwenye mzoga. Mnyama wa kimeta hufa ghafla, wa umri wowote. Damu nyeusi isiyoganda hutoka puani au kwenye njia ya haja kubwa, na mwili haukakamai kama kawaida. Wa chambavu huanza kwa kuchechemea. Paja au bega huvimba, mwanzoni lina joto na maumivu, baadaye hupoa na kufa ganzi. Ukipitisha kiganja juu ya ngozi unasikia mchakacho wa gesi chini yake. Kifo huja ndani ya saa 12 hadi 48. Lakini mizoga yote miwili huvimba tumbo haraka, na mnyama aliyekutwa amekufa asubuhi hatoi dalili za jana. Ukiwa na shaka, mchukulie kuwa ni kimeta na usimpasue: bakteria akikutana na hewa hutengeneza spora, na spora hukaa ardhini miaka mingi. Mtaalamu huchukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, akapaka kwenye kioo na kutia rangi ya methilini bluu iliyokomaa. Ganda la kimeta huonekana kwa waridi likizunguka vijiti vya bluu. TVLA ina kituo cha Kanda ya Kaskazini Arusha kinachopokea sampuli za namna hii.

Kilichomo ndani ya kila chupa

Chanjo ya kimeta inayotumika karibu dunia nzima ni ya aina ya 34F2, iliyotengenezwa na Max Sterne huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930. Ni spora hai za bakteria aliyepoteza pXO2. Hana ganda, kwa hiyo chembe nyeupe zinammeza kwa urahisi. Lakini pXO1 anayo, kwa hiyo anatoa sumu kidogo kabla hajamezwa, na mwili hujifunza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya PA. Kingamwili zikiishika PA mapema, pete haiundwi na LF na EF hazina njia ya kuingilia. Dozi ya ng'ombe kwa kawaida ni mililita 1 chini ya ngozi, ikiwa na spora hai milioni 2 hadi 10. Kinga hujengeka baada ya siku 7 hadi 10, na sindano hurudiwa kila mwaka.

Chanjo ya chambavu ni bakteria waliouawa kwa formalini pamoja na sumu yao iliyoondolewa makali kwa dawa hiyohiyo, vikichanganywa na alamu (chumvi ya aluminiamu) ili vitoke taratibu pale sindano ilipochomwa. Kitu kilichokufa hakizaliani, na mwili hukiona mara moja tu. Kwa sababu hiyo ndama anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, ya pili ikifuata baada ya wiki 4 hadi 6, kisha moja kila mwaka. Ujazo hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo soma lebo. Usibebe kipimo cha chupa ya mwaka jana.

Chupa ya mchanganyiko ina vyote viwili, spora hai za kimeta na chambavu iliyouawa. Hapa kuna jambo ambalo huharibu chanjo nyingi: watu hununua chupa mbili tofauti na kuzichanganya wenyewe kwenye sirinji moja ili kupunguza kazi. Kihifadhi au formalini iliyobaki kwenye chanjo ya chambavu inaweza kuua spora za kimeta au kuzizuia zisiamke. Kiwanda kinachotengeneza mchanganyiko hupima kiasi cha kila kitu mpaka spora zibaki hai. Sirinji yako haipimi chochote. Ukiwa na chupa mbili, tumia sirinji mbili na uchome pande mbili za shingo.

Dawa na chanjo siku moja: hapa ndipo tofauti inapouma

Spora ya 34F2 lazima iamke na kufanya kazi ndipo itoe PA. Mnyama mwenye penisilini au oksitetrasaiklini mwilini huiua inapoamka tu. Hakuna PA, hakuna kingamwili, na kadi ya chanjo itaandikwa "amechanjwa". Pasipo maelekezo mengine kwenye lebo, acha wiki mbili kati ya antibayotiki na chanjo ya kimeta, kabla na baada. Sharti hili linaihusu chupa ya mchanganyiko pia, kwa upande wake wa kimeta.

Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ina mtego wake wa pekee. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inayotumika sana kwa ndama wa wafugaji wa Kimaasai, hutolewa pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu, kwa sababu chanjo yenyewe ni maambukizi halisi yanayodhibitiwa kwa dawa. Timu ikifika bomani siku moja na kumpa ndama chanjo ya ndigana na ya kimeta, ya kimeta imekwenda bure. Tenganisha ratiba hizo mbili. Ya chambavu pekee haina tatizo hilo.

Kwenye mlipuko, hesabu hubadilika hivi. Chambavu ikiua ndama wawili, wengine wote wa umri huo wanaweza kupewa penisilini na chanjo siku ileile: dawa inawalinda kwa siku chache, chanjo inawalinda baadaye. Kimeta ikiua ng'ombe, chagua moja kwa kila mnyama. Wenye homa au waliokuwa karibu sana na mzoga watibiwe kwanza, wachanjwe wiki mbili baadaye. Wazima wachanjwe mara moja na wahamishwe malisho. Baadhi ya waliochanjwa watakufa ndani ya wiki ya kwanza kwa sababu walikwisha ambukizwa kabla ya sindano. Waelezeni wenye mifugo jambo hili kabla ya kuanza, vinginevyo chanjo ndiyo itakayolaumiwa na boma la jirani litakataa.

Kipimo cha dawa nacho kisipunguzwe. Kiwango kinachotumika sana kwa penisilini ya prokeini ni yuniti 22,000 kwa kila kilo. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji yuniti milioni 6.6; kwa dawa yenye yuniti 200,000 kwa mililita, hiyo ni mililita 33, zikigawanywa sehemu kadhaa za mwili. Mililita 10 zinazotolewa kwa mazoea hazifiki hata theluthi moja. Daktari wa mifugo ndiye apange siku na marudio.

Mbuzi, kondoo na punda wana sumu zao

Mbuzi wanaweza kuvimba vibaya pale walipochomwa chanjo ya kimeta. Anza na wachache, waangalie siku tatu au nne, ndipo umalize kundi, na fuata kipimo cha mbuzi kilicho kwenye lebo.

Kwa mbuzi na kondoo wanaonenepeshwa kwa pumba na nafaka, adui wa karibu zaidi ni Clostridium perfringens aina ya D. Yumo utumboni siku zote. Wanga mwingi wa ghafla humfanya aongezeke na kutoa sumu ya epsiloni, ambayo hutoka ikiwa haijakamilika; tripsini, kimeng'enya cha utumbo wa mnyama mwenyewe, huikata na kuiamsha. Kisha huingia kwenye damu, hujipanga kwa pete ya protini saba, na hutoboa seli za mishipa ya ubongo. Chanjo yake ni toksoidi, yaani sumu iliyoondolewa makali. Kondoo hushika kinga vizuri kwa dozi mbili na marudio ya mwaka. Mbuzi hashiki vizuri: rudia kila miezi 3 hadi 6, na zaidi ya hapo ongeza pumba kidogo kidogo kwa wiki mbili, kwa kuwa kwa mbuzi chanjo peke yake haitoshi.

Punda ndiye anayesahaulika, na pepopunda humuua kuliko karibu mifugo yote. Sumu ya Clostridium tetani huingia kwenye ncha za neva, hupanda hadi uti wa mgongo, na huko hukata protini iitwayo sinaptobrevini ndani ya neva zinazotuliza misuli. Misuli hukaza bila breki. Sumu ikishaingia ndani ya neva, kingamwili haziifikii. Na kiasi kinachoua ni kidogo mno kuamsha kinga, kwa hiyo hata mnyama aliyepona anatakiwa kuchanjwa.

Kwa punda uchaguzi ni kati ya toksoidi na antitoksini. Antitoksini ni kingamwili zilizo tayari: hufanya kazi mara tu zinapochomwa, kwa kawaida yuniti 1,500 za kukinga, lakini huisha baada ya wiki mbili au tatu. Toksoidi huchelewa na hudumu, dozi mbili zikiachana wiki 4, kisha marudio. Punda mwenye jeraha la kwato ambaye hajawahi kuchanjwa apewe zote mbili, sehemu tofauti za mwili na sirinji tofauti. Mbuzi dume atakayehasiwa kwa mpira achanjwe toksoidi mapema, dozi ya pili iwe imepita wiki mbili kabla ya kuhasiwa, kwa sababu ngozi inayokufa chini ya mpira ndiyo mahali hasa bakteria huyu anapopenda.

Kubeba na kuchoma

Chanjo zote hizi hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8. Ya chambavu na toksoidi zikiganda zimekufa: barafu hukusanya alamu kuwa mabonge, na hata ikiyeyuka hairudi. Kwenye kasha la barafu weka gazeti au kitambaa kati ya barafu na chupa. Chupa iliyowahi kuganda, ukiitikisa na kuiacha, huonesha vipande vinavyozama haraka, itupe. Spora za kimeta huvumilia joto zaidi, ila jua la bomani si mahali pa kujaribu.

Tikisa chupa ya kimeta kabla ya kila kuvuta. Spora huzama chini, na usipotikisa ng'ombe wa mwanzo hupata maji na wa mwisho hupata rundo. Sirinji na sindano zichemshwe kwa maji matupu kisha zipoe, zisioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Chupa iliyofunguliwa imalizwe siku hiyo. Masalia ya kimeta yachomwe moto au yachemshwe, yasitupwe shimoni, kwa sababu ni bakteria hai. Ukijichoma kidole kwa chanjo ya kimeta, kamua, osha kwa maji mengi na sabuni, na uende zahanati ukiwa na lebo ya chupa.

Nani achukue ipi

Kundi la kuchunga Monduli, Longido au Ngorongoro: mchanganyiko kila mwaka kwa wakubwa, bila kubabaika. Mifugo hiyo hula na kunywa mahali ambapo wanyamapori wamekufa kwa kimeta, na mlipuko wa Selela, Monduli, mwaka 2016 uligusa watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Ndama wapewe mchanganyiko mara ya kwanza, na dozi ya pili baada ya wiki 4 hadi 6 iwe ya chambavu peke yake. Huna haja ya kulipia kimeta mara mbili. Choma wiki 3 au 4 kabla ya kipindi kinachosumbua eneo lako. Mara nyingi ni mwisho wa kiangazi, majani yakiwa mafupi na mnyama akilamba udongo, na mvua za kwanza zinapofukua udongo.

Ng'ombe wa maziwa wa bandani, Machame, Marangu au Tengeru, hatari yake ni ndogo lakini ipo, na huingia na majani. Nyasi zinazobebwa kutoka tambarare zikiwa zimeng'olewa na mizizi huja na udongo, na udongo huja na spora. Kwa mtamba na ndama, chambavu peke yake inatosha pale ambapo kata haina historia ya kimeta. Ukiongeza kimeta, ratibu: maziwa yanaweza kupungua siku chache, mwenye mimba kubwa asubiri azae, na ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele anayetibiwa kwa antibayotiki asichanjwe mpaka wiki mbili zipite. Kama kimeta imewahi kuthibitishwa kwenye kata, au majani yako yanatoka kwenye bonde lenye historia hiyo, achanjwe kila mwaka hata akiwa mmoja.

Mnyama aliyenunuliwa mnadani, Meserani au Weruweru, mhesabu kuwa hajachanjwa, hata muuzaji akiapa. Tena muulize kama amechomwa sindano yoyote wiki hiyo, kwa sababu wengi huuzwa wakiwa na oksitetrasaiklini ya kuwafanya waonekane wachangamfu. Mchanje chambavu siku anayofika. Ya kimeta apewe baada ya wiki mbili, na muda huo wote akae mbali na malisho yenye historia.

Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, kwa hiyo kifo cha kutilia shaka kinapelekwa kwa afisa mifugo wa kata kabla ya mzoga kuguswa. Mzoga ukifukiwa, shimo liwe refu, mita 2 au zaidi, na usimwage chokaa juu yake kama wengi wanavyofanya: kalisi iliyomo husaidia spora kudumu.